Makoti ya mlimani na ahadi za tabianchi: tani zinashuka kweli au ni maneno?

Bwana Gamboti (Kasese), mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kazi yangu ni kuongoza wageni Rwenzori. Wengi wanafika Kilembe na Nyakalengija wamevaa makoti ya kampuni zile zile tatu nne, na jioni kambini mazungumzo ni hayo hayo: kampuni hii imeahidi kufuta hewa ukaa yake, ile imebadilisha ahadi, nyingine inauza koti la chupa zilizorejelezwa. Nikaona niache kusikiliza porojo za kambini, nisome ripoti zao mwenyewe. Barafu wanayosema wanaitetea ndiyo inayonilisha mimi na watoto wangu.

Nianze na Patagonia kwa sababu ndio wanaosifiwa kuliko wote, na nadhani wengine tukiwapima kwa kipimo hicho hicho wataumia zaidi. Kampuni ya California, ilianzishwa mwaka 1973 na Yvon Chouinard, mpanda miamba aliyekuwa anafua vyuma vya kukwelea. Tangu 1985 wanatoa asilimia 1 ya mauzo kwa makundi ya mazingira. Flisi (kile kitambaa laini cha manyoya cha kuzuia baridi) ya plastiki iliyorejelezwa walianza kuishona 1993, kabla ya wengi. Septemba 2022 familia ikaachia kampuni nzima: hisa zenye kura, asilimia 2, zikaenda kwa wakfu, asilimia 98 zisizo na kura zikaenda kwa shirika la Holdfast Collective, ili faida isiyorudi kwenye biashara itumike kupigania mazingira. Tajiri wa namna hiyo mimi simwoni kila siku, kwa hiyo tusije tukasema wote ni wezi.

Sasa hewa ukaa. Waliahidi kwamba kufikia 2025 watakuwa wamefuta hewa yao yote. Baadaye wakaiacha lugha hiyo, kwa sababu kuifikia kungewalazimu kununua hati za kaboni, yaani kumlipa mtu mwingine apande miti ili wewe uendelee kama kawaida. Lengo jipya ni sifuri halisi mwaka 2040, yaani kwanza ukate karibu hewa yako yote, mabaki madogo tu ndiyo yafidiwe. Ripoti yao ya 2025 imekiri kwamba jumla ya hewa yao ilipanda kama asilimia 2. Haikushuka. Ilipanda.

Kwa wasiojua hesabu hizi zinavyofanywa: hewa ya kampuni hugawanywa skopu tatu. Skopu 1 ni unachochoma mwenyewe, magari na majenereta yako. Skopu 2 ni umeme unaonunua. Skopu 3 ni mengine yote: kiwanda cha uzi, cha kitambaa, cha rangi, meli, mpaka koti linapotupwa. Kwa kampuni ya nguo isiyomiliki viwanda, skopu 3 ndiyo karibu kila kitu. Patagonia wenyewe wanasema zaidi ya asilimia 90 inatoka kwenye kutengeneza bidhaa na malighafi zake. Kwa hiyo ukisoma "maduka yetu yote yanatumia umeme wa jua", jua umeonyeshwa kidole kidogo cha mguu.

Msimamo wangu ni huu. Tusipime ahadi kwa miti wala kwa kila koti moja moja. Tupime jumla ya tani, mwaka kwa mwaka, na tuulize kiwandani kumebadilika nini. Koti moja likipunguza hewa kwa robo huku makoti yanayouzwa yakiongezeka kwa nusu, mlima haujapata nafuu yoyote.

Na mlima wenyewe: Duke wa Abruzzi, mpanda milima wa Italia, alipopanda mwaka 1906, barafu ya Rwenzori ilikuwa kama kilomita 7 za mraba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipimwa ikaonekana haifiki hata kilomita 1. Najua wataalamu wamebishana joto limechangia kiasi gani na ukavu wa hewa kiasi gani, na hakuna kampuni moja ya makoti iliyoyeyusha barafu hiyo. Lakini wao ndio wanaotuuzia picha yake.

Karibuni.

Mzalendo256

Mkuu umeandika vizuri ila naomba nikupinge. Haya ni mambo ya Wazungu waliovuruga dunia, sasa wanajishtaki wenyewe kwa kalamu ya dhahabu. Sisi inatuhusu nini? Nchi yetu hewa yake ya mafuta ni kiduchu. Tatizo la Uganda ni mkaa na kufyeka misitu. Nenda msitu wa Bugoma ukalie huko.

Kijana wa Mbarara

Nimeweka kiti mbele kabisa.

Bwana Gamboti (Kasese)

@Mzalendo256 hapo kwenye mkaa tuko pamoja. Kwenye "inatuhusu nini" ngoja nikupe hesabu.

Novemba 2011 Patagonia walilipia tangazo la ukurasa mzima New York Times, siku ile Wamarekani wanapogombania bei za punguzo, wakasema msinunue koti hili. Chini wakaeleza: koti moja la flisi, asilimia 60 likiwa polista iliyorejelezwa, limetumia maji lita 135, limetoa hewa ukaa karibu pauni 20 mpaka kufika ghala lao la Reno, na takataka theluthi mbili ya uzito wake. Pauni 20 ni kilo 9. Hewa hiyo ni mara 24 ya uzito wa koti lenyewe.

Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3. Kwa hiyo koti moja ni sawa na lita 4 hivi, mafuta ya boda ya siku moja au mbili. Utasema kumbe kidogo. Sasa geuza: Mganda wa kawaida, ukihesabu mafuta tu bila mkaa wala misitu, hafikishi kilo 200 kwa mwaka mzima. Makoti ishirini na mbili ya aina ile yanammaliza. Mgeni wangu mmoja anapanda na makoti matatu begani na mengine kabatini kwao.

Na Uganda nayo imeahidi. Mwaka 2022 tulipeleka ahadi mpya chini ya Mkataba wa Paris: kupunguza asilimia 24.7 ifikapo 2030, ukilinganisha na vile ambavyo ingekuwa kama tusingefanya lolote. Sheria ya tabianchi tunayo tangu 2021. Nchi maskini inaandika namba na kusubiri kukaguliwa, halafu kampuni yenye mauzo ya zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka tusiiulize?

Mama Belo (Owino)

Wanangu mimi nauza mivumba, yaani mitumba, hapa soko la Owino Kampala, tena makoti ya baridi hasa. Wacha niwaambie hayo makoti yanaishia wapi, maana kwenye hizo ripoti mimi sijajiona.

Belo la kilo 45 linafunguliwa asubuhi. Makoti yenye majina makubwa yanatoka machache, na yakitoka yanagombaniwa kabla hayajagusa chini. Wanunuzi wangu ni watu wa Kabale, wa Kapchorwa, wa huko kwako Kasese, na vijana wa boda. Wa boda anavaa koti kinyume, zipu mgongoni, upepo wa alfajiri usimpige kifua. Hilo koti lilishonwa mtu apande nalo milima ya theluji, sasa liko barabara ya Northern Bypass saa kumi na moja asubuhi.

Lakini jamani mengi yanakuja yamechoka. Ukilifungua ndani unakuta ile ngozi nyembamba ya kuzuia maji imeachana na kitambaa, inapukutika vipande vyeupe mkononi kama magamba. Utepe wa kwenye mishono umebanduka. Zipu imekufa. Hilo halishoneki, si fundi wa hapa Owino wala wa wapi. Linauzwa kwa bei ya kitambaa cha kusugulia, na lisipouzwa linachomwa au linaishia mtaroni. Sasa hiyo hewa ya kuchoma nani anaiandika? Mimi?

Mzalendo256

Ndiyo maana Rais alisema pale Mbale mwezi Agosti 2023 mivumba ipigwe marufuku, nguo za marehemu hizo. Tungefunga mpaka tushone zetu.

Mama Belo (Owino)

@Mzalendo256 mwanangu, mwaka 2016 nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuyaondoa ndani ya miaka mitatu. Rwanda ikakaza, Marekani ikaiondolea nafuu ya kuuza nguo kule mwaka 2018. Sisi wengine tulinyamaza na belo zikaendelea kuingia. Mimi nimesomesha kwa mivumba. Niletee koti jipya la Uganda la kuzuia mvua kwa bei ya kijana wa boda, mimi wa kwanza kuliuza.

Bwana Gamboti (Kasese)

Mama shikamoo. Umegusa penyewe.

Skopu 3 ina makundi 15, na kundi la 12 ni bidhaa ikishaisha kazi. Kampuni inatakiwa ikadirie. Ila kumbuka ni makadirio: mtu ofisini anachukua uzito wa makoti yaliyouzwa, anazidisha kwa wastani wa jinsi takataka zinavyoshughulikiwa, basi. Mtaro wa Owino hauna safu yake kwenye jedwali. Namba yenyewe huwa ndogo ukilinganisha na kiwandani, kwa hiyo hakuna anayehangaika nayo, ingawa kwako wewe ndiyo moshi unaovuta.

Kuna jambo jingine linanikera zaidi. Kampuni hizi siku hizi zinauza makoti yao yaliyotumika. Patagonia wana Worn Wear, wanashona na kuuza tena, na mimi naipenda kazi hiyo. Lakini koti la pili linapunguza hewa pale tu linapozuia jipya lisinunuliwe. Kijana wa boda asingenunua jipya hata siku moja. Aliyelitoa kule Ujerumani, je, alikaa bila koti? Alinunua jingine, huku roho yake imetulia kwa sababu la zamani "limepata mtu Afrika". Hapo hewa imeongezeka na kila mtu anajisikia mwema.

Fundi Boila (Jinja)

Nimefanya kazi viwanda vya nguo miaka mingi, naomba niwape upande wa kiwandani, maana mnaongelea koti kana kwamba linaota.

Koti la mlimani karibu lote ni polista au nailoni, yaani mafuta ya petroli. Hatua inayokula moto ni kutia rangi. Pamba inakubali rangi kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 80. Polista inakataa, lazima uifungie kwenye mashine yenye presha upandishe mpaka kama nyuzi 130, uishikilie hapo, halafu upoze, usuuze kwa maji ya moto tena. Baadaye inapita kwenye tanuru ya kukausha. Joto lote hilo linatoka kwenye boila, lile tangi kubwa la kuchemshia maji yawe mvuke. Huko Asia ambako vitambaa hivi vinatengenezwa, boila nyingi zinakula makaa ya mawe, na umeme wa gridi nao sehemu kubwa ni makaa ya mawe. Hapo ndipo kilo zako 9 zilipo. Koti la chupa zilizorejelezwa linasaidia kwenye malighafi, ila halisaidii chochote kwenye boila. Chupa nayo inapikwa nyuzi 130.

Dawa zipo, tena nyingine rahisi za aibu: kufunika mabomba ya mvuke, kuziba valvu zinazovuja, kurudisha maji ya moto kwenye boila badala ya kuyamwaga. Nyingine ni kutia rangi kwenye plastiki iliyoyeyuka kabla uzi haujavutwa, unaruka hatua nzima ya maji. Kubwa zaidi ni kung'oa boila ya makaa uweke ya umeme, na hiyo inahitaji mtaji na gridi safi.

Nani atalipa? Kampuni ya koti haimiliki kiwanda. Inaleta oda ya msimu huu, msimu ujao inaweza kwenda kwingine kwa tofauti ya senti chache kwa mita. Mwenye kiwanda ana wateja wengi, na huyu mwenye ahadi nzuri ni kipande kidogo cha oda zake. Wewe ungekuwa yeye ungekopa benki ubadilishe boila kwa ajili ya mteja asiyekuahidi hata mwaka kesho? Ukitaka kujua ahadi ni ya kweli, achana na picha za barafu, uliza wamesaini mkataba wa miaka mingapi na viwanda vyao.

Kijana wa Mbarara

Fundi, swali. Sisi umeme wetu ni wa maji: Bujagali, Isimba, Karuma megawati 600 imezinduliwa 2024. Pamba tunayo. Kwa nini hizi kampuni zisilete oda Uganda, hewa ishuke na sisi tupate kazi?

Fundi Boila (Jinja)

@Kijana swali lako ni la zamani kuliko wewe. Kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile kilianzishwa hapa 1954, mwaka ule ule bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa, kwa wazo hilo hilo: umeme wa Nile, pamba ya Uganda, nguo. Leo sehemu kubwa sana ya pamba yetu bado inasafirishwa ikiwa nyuzi tupu, inasokotwa nje kwa umeme wa makaa, halafu inaturudia kwenye belo la Mama.

Kwenye kusokota na kufuma, ndiyo, umeme wa maji ni faida kubwa, hewa inashuka kweli. Kwenye rangi bado unahitaji mvuke, na ukiuchemsha kwa kuni zilizokatwa ovyo hujafanya kitu. Halafu umeme wenyewe ukikatika katikati ya rangi, kitambaa chote kinatoka na madoa, unakitupa. Kitambaa kilichotupwa ni hewa tupu bila koti. Na kitambaa cha kuzuia maji hatutengenezi, tusidanganyane. Tungeanza na fulana na suruali za safari.

Akello wa Lango

Naongezea kidogo kwenye hati za kaboni, kwa sababu sisi huku tumezionja.

Msitu wa hifadhi wa Kachung, Dokolo. Kampuni ya Norway iitwayo Green Resources ilipanda misonobari, na Shirika la Nishati la Sweden likawa mnunuzi wa hewa ile. Wanavijiji waliokuwa wakilima na kuchunga pale wakazuiwa. Malalamiko yakafika mbali, na mwaka 2015 Waswidi wakasimamisha malipo. Miti ilikuwa inaonekana kwenye ripoti ya mtu wa Ulaya kama tani zilizofutwa, na mama mwenye mbuzi wanne hakuwa na pa kuwachungia. Kwa hiyo mtu akiniambia kampuni ya makoti imeacha kununua hati na kukubali kuonekana imeshindwa ahadi ya 2025, mimi naipigia makofi kwa hilo. Afadhali namba mbaya ya kweli.

Sisemi miti yote ni ulaghai. Bushenyi tangu 2003 kuna mpango wa wakulima wadogo kupanda miti ya asili kwenye shamba lao wenyewe na kulipwa kwa awamu. Ardhi haimtoki mtu. Lakini hata huo ulipe kwa sababu unataka miti iwepo, usiutumie kuficha boila ya Fundi.

Mzalendo256

Haya, kwa mara ya kwanza naona uzi wa tabianchi usio na hotuba. Ila swali langu liko palepale: mgeni akinunua koti zuri la gharama likadumu miaka ishirini si ndiyo bora? Mbona mnawasakama wanaotengeneza vitu imara?

Bwana Gamboti (Kasese)

Si bora tu, ni jambo bora kuliko yote waliyofanya. Hewa karibu yote inatoka siku ya kulitengeneza, kwa hiyo kila mwaka unaoongeza kulivaa unaigawa ile ile. Mimi koti langu nililirithi kwa mgeni. Viwiko nimeviziba kwa kiraka cha tairi la baiskeli na gundi yake, na linazuia mvua ya Bigo, kule kwenye tope la Rwenzori, vizuri kuliko la mgeni wa jana lenye rangi tatu. Miguuni sote tunavaa gamboti, mwongozaji na tajiri, kwa sababu tope la kule halijali jina la kampuni.

Shida inaanza pale kampuni inayosema "usinunue" inapotoa rangi mpya kila msimu. Tangazo lile la 2011 lilikuwa la kweli, na baada yake biashara ikaendelea kukua. Hapo ndipo napata mgongano ambao hakuna wakfu unaoutatua. Ukiahidi tani zishuke huku unataka mauzo yapande, lazima kila koti lishuke haraka kuliko mauzo yanavyopanda. Kwa asilimia 2 ya kupanda, bado hawajalifikia hilo, na hawa ndio wanaojitahidi. Wale wanaotangaza "tumepunguza kwa kila bidhaa" bila kuonyesha jumla, mimi ripoti yao naifunga ukurasa wa kwanza.

Kama kuna mgeni anasoma hapa kwa kutafsiriwa: ukirudi kwenu waandikie kampuni yako maswali mawili. Jumla ya tani mwaka jana na mwaka juzi ni ngapi? Na viwanda vyenu vya rangi vinachemshia nini?

Kijana wa Mbarara

Vipi kuhusu wale wa Kampala wanaokata mivumba na kuirudisha Ulaya?

Mama Belo (Owino)

Buzigahill, ya Bobby Kolade. Wanachukua nguo za belo, wanazikata na kuziunga upya, wanaziuza huko zilikotoka, wameita "Return to Sender". Napenda ile jeuri. Ila ni nguo chache, belo bado ni nyingi.

Mimi ningependa kitu kidogo zaidi. Hizo kampuni kule kwao zina mafundi wa kushona bure au kwa nafuu. Watuletee hapa zipu zao na vichwa vya zipu, na ile tepe ya mishono inayobandikwa kwa pasi. Nusu ya makoti ninayouza kwa bei ya kitambaa yamekufa kwa zipu tu. Fundi wangu mkono anao, spea hana, anakata zipu ya begi bovu anabandika.

Fundi Boila (Jinja)

Hilo la spea lina akili kuliko kurasa mia za ripoti. Halihitaji hata boila.

Bwana Gamboti (Kasese)

Mama, wapagazi wetu wanaingia msimu wa Juni na wengine hawana kitu cha mvua. Una makoti yenye zipu nzima?

Mama Belo (Owino)

Yapo, mawili ni mazima, moja halina kofia. Lile la kijani utando umeanza kubanduka begani, sitakuficha. Njoo inbox, bei siiweki hapa Mzalendo akaipeleka bungeni.